Kosa la Nafsi

2 Machi

Kwa Mwalimu, mdogo wangu,

Pokea salamu za kutoka chumba cha kufulia cha hospitali, zimepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Mimi mzima. Kikohozi cha mvuke kimepungua tangu walipofungua dirisha la upande wa mashine kubwa, ila sasa vumbi la barabarani linatua juu ya mashuka masafi na tunafua upya. Mama hajambo? Mwambie koti alilonishonea bado nalivaa, na vifungo vyote vipo.

Sasa niingie kwenye shida yangu. Kama nilivyowaahidi mwaka jana, nimejiandikisha tena kwa mtihani wa Novemba. Masomo mengine nilifaulu, limebaki Fasihi tu, lile lililoniangusha. Bila cheti sitapewa usimamizi wa zamu, nitasukuma toroli la nguo chafu mpaka niitwe babu. Tunasoma Jumamosi mchana, chumba cha juu ya duka la matairi. Mwalimu wetu ana haraka kama mtu anayefukuzwa. Anataja istilahi, anafuta ubao, anataja nyingine. Mlinzi wa benki anayekaa nyuma yangu hulala kipindi kizima, na nadhani ananizidi kuelewa.

Nisaidie mambo mawili. Kwanza, msimulizi na mwandishi si mtu mmoja? Pili, kisengerenyuma. Neno hili lilipotajwa nilidhani ni maradhi ya kiuno. Kwenye jaribio nikaandika hivyo hivyo, na dalili zake nikaziongeza. Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaamka.

Baba alipofariki niliacha dawati langu nikaenda kufua, wewe ukabaki darasani. Sijajuta hata siku moja. Lakini Mama haachi kusema anataka kukiona cheti changu kimetundikwa ukutani kando ya chako, nami nataka nikipeleke kwa mkono wangu. Desemba, mtihani ukishapita, nitakuja.

Kaka yako,
Dobi

28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta chumba cha walimu, na maradhi yako ya kiuno niliwasomea wenzangu. Tulicheka wote, kisha nikajikuta nimeinama nafuta macho wenzangu wasione.

Huku tupo. Paa la jikoni linavuja pale pale, fundi amekuja mara mbili akaondoka na kuacha maneno matamu. Shuleni wameniongezea madarasa. Mama yupo. Anakula. Habari za koti nimempa.

Mwandishi ni mtu aliyeshika kalamu. Ana njaa, ana nguo za kufua, ana majirani. Msimulizi ni sauti aliyoichagua mwandishi ili isimulie kwa niaba yake. Mwandishi anaweza akawa analia huku msimulizi wake anatania. Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike kwamba mwandishi ana huzuni, kwa sababu hukuwepo alipokuwa akiandika. Andika "msimulizi".

Kisengerenyuma ni pale hadithi inapoacha mambo ya sasa ikarudi kwenye yaliyopita, halafu ikarejea pale ilipoachia. Nakupa mfano. Nimeutunga mwenyewe, usihangaike kuutafuta kitabuni.

"Mchana mwanamke aliweka sahani mbili mezani, moja akaifunika. Binti yake alipomuuliza ile ni ya nani, akajibu, 'Ya kaka yako, anatoka shule sasa hivi.' Kaka mwenyewe alikuwa mtu mzima anayeishi mbali. Binti hakubisha. Wakakaa wakingoja. Chakula kikapoa, mwanamke akakipasha, kikapoa tena. Jioni akasema, 'Leo walimu wamewakawiza.' Alipokwenda kujilaza, binti aliichukua ile sahani akaila mwenyewe, amesimama jikoni, ili mama yake akiamka aikute tupu ajue mtoto amekula."

Maswali. Msimulizi ni nani? Kisengerenyuma kiko wapi? Mtoto wa kiume ni mhusika wa aina gani?

Hadithi ikirudi nyuma kisha isirejee, sijui istilahi yake. Nimeitafuta.

Mdogo wako

5 Mei

Mwalimu,

Marahaba. Barua imezunguka wiki kadhaa, imefika na muhuri wa mji nisioujua. Nami nina habari njema: pasi kubwa imeharibika, kwa hiyo tunatia mashuka makunyanzi kihalali. Wagonjwa hawajalalamika.

Majibu haya hapa. Msimulizi hayumo kwenye hadithi, anatazama kwa nje, anatumia nafsi ya tatu. Kisengerenyuma hakimo kwenye usimulizi, kimo kichwani mwa yule mwanamke. Nimemwonyesha mwalimu wetu, akasema nimekisia, lakini alama akanipa.

Mtoto wa kiume ni mhusika bapa. Habadiliki, haonekani, kazi yake ni kutokuja. Kusema kweli kaniudhi. Mama anampashia chakula, yeye huko aliko hana hili wala lile. Ningekuwa mwandishi ningemrudisha nyumbani, hata kwa miguu. Niliwasomea darasa, na mlinzi wa benki hakusinzia siku hiyo. Anasema mtoto kama huyo hafai hata kupewa mstari mmoja.

Nimeshajua umemtoa wapi mwanamke wako. Ni yule bibi wa nyumba ya kona aliyechanganyikiwa tulipokuwa wadogo, sivyo? Umemwandika kwa huruma.

Jingine. Mbona Mama hakuongeza mstari wake? Zamani hakukosa kuandika chini ya barua yako, "Vaa koti." Nimeigeuza karatasi pande zote. Kama ni macho, mpe kalamu yenye wino mzito.

Kaka yako,
Dobi

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, ilikuwa mitihani ya muhula na mambo ya nyumbani. Jirani yetu mshonaji siku hizi huja kukaa hapa ninapokuwa shuleni. Paa limezibwa.

Macho ya Mama ni mazima. Kalamu nilimpa. Aliishika.

Tuendelee na masomo. Mtoto wa kiume kumwita bapa nimekupa nusu alama. Huenda si bapa. Huenda hajaambiwa. Hapo tunaingia kwenye kinaya, na nitakueleza aina moja tu, ile wanayoipenda watahini. Msomaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Mhusika anatania na kucheka, msomaji anamwonea huruma. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza kwa nini asitokee mtu akamwambia. Nikamjibu kwamba akiambiwa tu, kinaya kimekwisha. Lilikuwa jibu la kimwalimu na sikulipenda.

Kifungu cha pili:

"Asubuhi mwanamke alikunja taulo akalibeba kifuani, akawa anatembea nalo chumbani akilibembeleza. Alisema mtoto ana homa, na mumewe aliyekwenda kumwita daktari hajarudi. Binti yake akamwomba ampokee kidogo ili apumzike. Akakataa. Akasema hawezi kumpa mwanawe mtu asiyemjua. Akamkazia macho binti, kisha akaniuliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?' Binti akataja jina la mama yake. Mwanamke akacheka kwa adabu, akasema, 'Na mimi naitwa hivyo hivyo.'"

Eleza kinaya kilichomo. Taja dhamira.

Usiache kusoma. Novemba si mbali.

Mdogo wako

17 Julai

Mwalimu,

Marahaba. Kazini kwema. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya marobota ya mashuka wakati wa mapumziko, nikasema leo nimekupata. Wewe uliyenifundisha kwamba msimulizi asihame nafsi ovyo, umeandika, "Akamkazia macho binti, kisha akaniuliza." Akaniuliza nani? Msimulizi yuko nje ya hadithi. Ilipaswa iwe "akamuuliza". Hilo ni kosa la nafsi, mtahini angekukata alama. Nikaandika ukurasa mzima wa kukutania.

Ukurasa huo nimeuchana.

Wewe hukosei nafsi. Tangu uko darasa la tatu ulikuwa ukinisahihisha mimi, mkubwa wako, mbele za wageni. Nimeitoa barua ya Machi nikaisoma pamoja na hii. Yule bibi wa nyumba ya kona hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mabinti watupu. Na aliyewahi kuugua homa akiwa mchanga, Baba akatoka kwenda kumtafuta daktari, ni mimi. Mama alikuwa akitusimulia.

Naona aibu kwa niliyoyaandika Mei. Nilimtukana yule mtoto mbele ya darasa zima, na watu wakanipigia makofi.

Nijibu kwa mistari miwili, bila mfano. Ni Mama?

Kaka yako

9 Agosti

Kaka,

Ni Mama.

Ilianza mwaka jana kwa mambo ya kuchekesha, funguo ndani ya sufuria, chumvi kwenye chai. Januari, siku ambayo akili yake ilikuwa imetulia, alinishika mkono hapa kwenye kifundo akanibana kweli kweli. Akasema, "Asijue mpaka aandike mtihani wake. Akijua atakuja, na akija atakuwa ameacha shule kwa ajili ya nyumba hii mara ya pili." Akanilisha kiapo. Kesho yake hakukumbuka kwamba aliniapisha, lakini mimi nilikumbuka.

Niliapa kutokukuambia. Sikuapa kutokutunga. Nilijiona mjanja sana. Kumbe kila nilipokuandikia nilikuwa nakuomba uelewe, na uliponijibu kama mwanafunzi mzuri roho iliniuma, nikakukasirikia kwa kutokujua jambo ninalokuficha mwenyewe. Hilo neno "akaniuliza" sikuliandika kwa makusudi. Lilinitoka tu, na sikuliona mpaka uliponionyesha.

Daktari anasema hakuna dawa ya kumrudisha, zipo za kumtuliza apate usingizi. Anarudi nyuma, Kaka. Machi ulikuwa mtoto wa shule. Juni ulikuwa mchanga. Sasa zipo siku haumo kabisa, hajakuzaa, na mimi ni mtumishi aliyeletwa bila yeye kuulizwa. Huwa ananishukuru vizuri. Lakini bado zipo asubuhi chache ambapo anarejea. Wiki iliyopita aliuliza, "Dobi wangu ameandika?" Nikamsomea barua zako zote. Alicheka nilipofika kwenye maradhi yako ya kiuno.

Asubuhi hizo zinapungua. Sitakudanganya kwamba zitakungoja mpaka Desemba.

Mtihani ni alichotaka yeye. Kuja kwako ni ninachotaka mimi. Nimechoka, na ninaogopa kuwa peke yangu siku atakapolisahau hata hilo jina lako la utani. Amua mwenyewe.

Mdogo wako

1 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekuelewa, na sina neno la kukulaumu.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi wa kufulia amesema siwezi kutoka mpaka mwenzangu arudi kutoka likizo ya uzazi, yaani Novemba, wiki ile ile ya mtihani. Nilimsihi, akasema mashuka hayana mama. Si mtu mbaya, alijutia maneno yake papo hapo na kunipa chai, lakini ruhusa hakutoa.

Nilimwendea mwalimu wetu nikamuuliza kama ningeweza kuandika mtihani siku nyingine. Akanieleza kwamba mtihani ni mmoja kwa watu wote. Mlinzi wa benki akanisindikiza mpaka barabarani.

Nakuja wiki hiyo hiyo. Usimwambie Mama kwamba nimeuacha mtihani. Najua utasema hata akiambiwa hataelewa. Wewe usimwambie tu. Na asubuhi zile akirejea, mwambie dobi wake yuko njiani. Nimejikaza kisabuni, lakini kila shuka ninalokunja nawaza ni siku ngapi zimebaki za yeye kunijua.

Kaka yako

14 Desemba

Kaka,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Natumaini ulifika salama. Hukuandika, kwa hiyo nalazimika kutumaini. Mama hajambo kwa upande wa mwili. Tangu uondoke hajakutaja, na mimi nimeacha kungojea akutaje.

Kuna jambo limenikaa kooni. Siku uliyofika, mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua dawa, mshonaji akakufungulia. Niliporudi nilikukuta umekaa kwenye kiti karibu na mlango, mfuko uko magotini, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Mama alikuwa kitandani, ametulia. Miaka yote hiyo tulikuwa hatujaonana. Nikakuamkia. Ukanitazama, hukuitikia, ukainuka ukaenda bafuni, na maji yakasikika yakimwagika mpaka nikadhani umelala huko.

Baada ya hapo ulifua. Ulifua mashuka, mapazia, vitambaa vya meza, hata nguo za Baba zilizokuwa sandukuni na hazina mvaaji. Kila nilipotaka kuzungumza ulikuwa na beseni mikononi. Siku ya kuondoka uliniaga vizuri, hilo silikatai, lakini ya siku ile hukuyagusa.

Kama una hasira na mimi kwa kukuficha, sema. Umepoteza mtihani, na sijui ulichopata badala yake. Niambie waziwazi, sitaki kufundishwa kwa mifano.

Mdogo wako

10 Januari

Mdogo wangu,

Sina hasira na wewe. Nisamehe kwa ukimya, umekuumiza bure.

Usimamizi wa zamu amepewa mwanamke wa upande wa kukunja, anastahili. Mlinzi wa benki aliufanya mtihani na anasema ulikuwa mwepesi. Kikohozi kimerudi kwa sababu dirisha limefungwa tena. Nakuandikia haya ili nichelewe kufika kwenye yenyewe, na wewe utakuwa umeshagundua.

Umesema bila mifano. Haya.

Mshonaji alinifungulia akaenda zake. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, nywele umemsuka vizuri. Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nilijiandaa kwamba hatanijua. Nilijiandaa kwamba ataniita kwa jina la Baba, na nilikuwa nimeamua nitaitika. Nilijiandaa hata kufukuzwa.

Alipoona mtu mzima ameingia, mwenye mvi na mfuko, alishuka kitandani upesi akalinyoosha gauni lake. Akaweka mikono nyuma, akakunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo."

Nilisimama. Akadhani sikusikia. Akarudia kwa sauti zaidi, huku ananitazama usoni, na niliona ameanza kuogopa, kama mtoto anayefikiri amekosa adabu mbele ya mgeni na atasemwa. Nikaona nikinyamaza tena atalia. Nikasema, "Marahaba. Hujambo?"

Akasema, "Sijambo. Baba ametoka. Kaa umngoje." Akanisogezea kile kiti mwenyewe, akakifuta kwa kiganja. Akarudi kitandani, akanitupia jicho mara moja kuhakikisha nimekaa. Uso wake ulikuwa umetulia, ameridhika kwamba amempokea mgeni kama alivyofundishwa. Nikakaa.

Ndipo wewe ukaingia na dawa, ukaniamkia. Sikukunyima marahaba, mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka kumwitikia Mama.

Kaka yako